Ugomvi wa Watoto Shuleni: Nani Awapatanishe?

Mtoto anaporudi jioni shati limechanika na kifungo kimoja hakipo, maswali yetu akina mama huwa ni yale yale. Nani amekufanyia hivi? Na wewe ulifanya nini? Swali la pili ndilo lenye hatari, kwa sababu mtoto huutazama uso wa mama kabla ya kujibu. Akiona kwamba mama angefurahi kusikia kuwa naye alirudisha ngumi, atasema alirudisha, hata kama alikimbia. Akiona kwamba mama angependa kusikia alikwenda kwa mwalimu, atasema alikwenda. Jambo ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: ugomvi wenyewe ulihusu nini, na je, umekwisha?

Mara nyingi haujakwisha. Mwalimu wa zamu aliwakuta wawili hao nyuma ya madarasa, akauliza nani alianza, kila mmoja akamwonyeshea mwenzake kidole, wakaadhibiwa wote, wakarudi darasani. Kalamu iliyoanzisha mambo, mwalimu ameisahau. Wao hawajaisahau. Kesho wakati wa mapumziko wataendelea pale walipoachia, na safari hii kila mmoja atakuja na rafiki zake.

Katika makala haya tunataka kutazama jitihada ambazo zimefanywa kuwafundisha watoto shuleni namna ya kumaliza ugomvi wao bila ngumi na bila kiboko. Mifano yetu mingi inatoka Kenya, kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa kwa miaka mingi, na kwa kuwa huko pia tumeona gharama ya kulichelewesha.

Gharama yenyewe

Wako wasomaji wetu wanaokumbuka Julai ya mwaka 1991. Katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Kizito, wilayani Meru, wavulana waligoma, na wasichana wakakataa kujiunga na mgomo huo. Usiku wavulana wakalivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na zaidi ya 70 walibakwa. Kila tunapokumbuka habari hizo huwa tunawalilia wasichana, na ni haki yao tuwalilie. Lakini wale wavulana nao walikuwa na mama. Walikuwa wamepelekwa shule wakiwa na masanduku yaliyopangwa na mikono ya akina mama, sabuni upande mmoja na madaftari upande mwingine. Walijua hesabu na jiografia. Hakuna aliyekuwa amewafundisha la kufanya mtu mwingine anapokukatalia.

Miaka kumi baadaye, mwezi Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos lilichomwa moto usiku, na wavulana 67 wakafa ndani yake. Moto uliwashwa na wanafunzi. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa baadaye kuwa chanzo ni hasira juu ya matokeo ya mtihani yaliyokuwa yamefutwa. Hatutaki kusema kwamba somo moja la amani lingeuzima moto ule. Mabweni yenye madirisha ya vyuma na milango iliyofungwa kwa nje ni kosa la watu wazima, wala si la watoto. Hata hivyo, mtoto ambaye tangu darasa la kwanza hajawahi kuona lalamiko likisikilizwa mpaka mwisho, akifika kidato cha nne atajuaje kwamba kulalamika kwa maneno kunaweza kufaa?

Kisha zikaja siku za mwishoni mwa Desemba 2007 na miezi ya mwanzo ya 2008, baada ya uchaguzi mkuu. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na mamia ya maelfu wakayakimbia makwao. Siku ya kwanza ya Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwaka huo shule zilipofunguliwa, walimu walikuta madarasa yamegawanyika. Mtoto aliyekuwa akigawana mwenzake kiazi cha mchana alihamia dawati jingine. Kuna neno lililotumika katika Bonde la Ufa siku hizo, “madoadoa”, la kuwaita wale walioonekana kuwa wageni katika eneo. Watoto hawakulitunga neno hilo. Walilisikia mahali, na mahali pa kwanza mtoto anaposikia maneno ni mezani kwetu.

Somo lililoanzia kambini

Ilipofika wakati wa kutafuta dawa, Wizara ya Elimu ya Kenya haikuanza na karatasi tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limeanzisha mafunzo ya amani katika shule za kambi za Kakuma na Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Kambi hizo zilikuwa na watoto kutoka Sudani, Somalia, Ethiopia na kwingineko, wengine wakiwa wamekimbia vita ambavyo baba zao walikuwa wamepigana pande tofauti. Sasa walipanga foleni moja ya maji.

Watoto walifundishwa somo moja kwa wiki. Halikuwa somo la kukariri maana ya amani na kuiandika ubaoni. Walianza na mambo madogo sana: tunafanana wapi, tunatofautiana wapi, mtu akitengwa anajisikiaje. Baadaye wakaja kwenye kusikiliza, kuaminiana, kuijua hasira yako kabla haijakutawala, na ndipo wakafika kwenye kujadiliana, kupatanisha na kusameheana. Wazazi na wazee nao waliandaliwa warsha zao, jambo ambalo twaliona kuwa la busara kubwa. Ni kazi bure kumfundisha mtoto asubuhi jambo ambalo jioni atalicheka pamoja na wakubwa wake.

Katika mafunzo ya namna hii michezo ina nafasi kubwa. Mmoja unaotumiwa sana ni ule wa viti. Sote tunaujua kwa namna yake ya kawaida: watoto wanazunguka, wimbo unasimama, asiyepata kiti anatoka nje. Katika namna ya pili, viti vinapunguzwa lakini hakuna anayetoka. Watoto wote lazima watafute njia ya kukaa juu ya viti vilivyobaki, mpaka mwisho wanapakatana na kushikana wasianguke. Pasipokuwa na viti, vipande vya gunia chini vinatosha. Baada ya mchezo mwalimu huwauliza maswali. Nani alikushika usianguke? Nani aliachwa, na mlifanya nini? Mwalimu asiyeuliza maswali hayo amewachezesha watoto tu.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu, ikishirikiana na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya wakimbizi, ilianzisha mpango wa elimu ya amani kwa shule za Kenya, na mwaka 2014 serikali ikatoa sera maalumu juu ya jambo hili. Mtaala mpya wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 umeitaja amani kuwa moja ya maadili ambayo mtoto apaswa kuyapata shuleni, pamoja na upendo, heshima, uwajibikaji na mengineyo. Kwenye karatasi, basi, mambo yako vizuri.

Darasani ni habari nyingine. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, shule nyingi zilijaa kupita kiasi, na mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake hana nafasi ya kuwapanga katika duara. Kwa kuwa elimu ya amani haina mtihani wake, kipindi chake ndicho cha kwanza kuchukuliwa hesabu zikibaki nyuma. Ziko shule ambazo amani inaonekana siku moja tu kwa mwaka, tarehe 21 Septemba, Siku ya Amani Duniani: watoto huvalishwa fulana nyeupe, huimba mbele ya wageni, picha hupigwa. Hatuna ubaya na nyimbo. Ila mtoto anayeimba habari za amani saa nne asubuhi na kuchapwa saa sita kwa kuchelewa kupanga mstari, anajifunza kwa yote mawili, na tunadhani twajua ni lipi litakalokaa zaidi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia marufuku hayo. Kila mama mwenye mtoto shuleni anajua marufuku hayo yanafuatwa kwa kiasi gani katika shule ya mtoto wake.

Watoto kupatanisha watoto

Sehemu ya mafunzo haya inayotuvutia zaidi ni ile ya wapatanishi wa rika. Wazo lake ni jepesi. Watoto wachache hufundishwa kupatanisha, na wenzao wakigombana huwaendea wao kwanza badala ya mwalimu. Magharibi mwa Kenya, ambako Kanisa la Marafiki lina shule nyingi tangu wamisionari wake walipofika Kaimosi mwaka 1902, upatanishi wa aina hii umefundishwa katika shule kadhaa za sekondari baada ya machafuko ya 2008.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Wapatanishi huwa wawili, na hukaa na wagomvi mahali penye utulivu, chini ya mti au kwenye darasa tupu, mbali na masikio ya wengine. Kwanza huweka masharti: hakuna kukatizana maneno, hakuna kutukanana, kusema ukweli, na yasemwayo hapa yabaki hapa. Kila mgomvi aulizwa kama anakubali. Asipokubali, hakuna upatanishi, na mambo yatakwenda kwa mwalimu. Akikubali, mmoja husimulia yaliyotokea huku mwenzake amenyamaza. Kisha mpatanishi huyarudia yale aliyosikia kwa maneno yake mwenyewe na kuuliza, je, nimekuelewa? Halafu zamu ya wa pili.

Wenye kuwafundisha watoto kazi hii husema kwamba hatua hii ya kurudia maneno ndiyo inayofanya mengi. Mtoto aliyekasirika hatarajii kusikilizwa, anatarajia kuhukumiwa. Akisikia maneno yake yakirudiwa bila kubezwa, mabega hushuka. Baada ya hapo huulizwa, ulijisikiaje? Na je, unataka nini ili jambo hili liishe? Hapa hufundishwa kusema habari zake mwenyewe badala ya kumpa mwenzake jina. “Wewe ni mwizi” hufunga mlango. “Nilikasirika kwa sababu sikuwa na kalamu ya kuandikia mtihani” huuacha wazi, na mara nyingi mwenzake hujibu kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua, kwamba kalamu aliikuta chini, au kwamba yake ilichukuliwa wiki iliyopita na hakuna aliyemjali. Suluhisho hutolewa na wagomvi wenyewe. Mpatanishi haruhusiwi kuamua, wala kusema nani ana makosa. Baada ya siku chache huwauliza kama makubaliano bado yanashikiliwa.

Wako wazazi wanaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Nani kati yetu hajaona baraza la wazee likisikiliza shauri la mpaka wa shamba? Huyu huachwa aseme mpaka amalize, hata akizunguka, kisha yule, kisha mashahidi, na mzee mwenye hekima huanza kwa kueleza upya yale aliyoyasikia. Wameru wana Njuri Ncheke yao, na kila kabila lina namna yake. Kilicho kipya ni kwamba sasa kazi hiyo anapewa mtoto wa miaka kumi na miwili, tena msichana.

Nchini Marekani ndugu wawili, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wameyachunguza mafunzo haya kwa miaka mingi. Waligundua kwamba watoto wasiofundishwa wana njia mbili kubwa: kumlazimisha mwenzake au kumwita mwalimu. Wakifundishwa, wengi hutumia majadiliano, hata nje ya darasa. Akina Johnson wanapendelea watoto wote wa darasa wafundishwe na kazi ya upatanishi izunguke kwa zamu, badala ya kuchagua wachache wenye tabia njema. Sisi tunaona wana haki. Mtoto mkorofi akipewa kazi ya kupatanisha, mara nyingi anaijua kuliko yule mpole, maana ameuona ugomvi kutoka ndani.

Jambo jingine la kuangalia ni ugomvi wa wasichana. Walimu huuona ule wa ngumi, kwa hiyo wavulana ndio wanaopatanishwa. Wasichana hununiana. Wanaweza kukaa majuma matatu dawati moja bila neno, huku mmoja ametengwa na kundi zima kwa sababu ya uvumi. Mama ndiye anayegundua, mtoto anapoanza kulalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi. Mwambieni mwalimu. Hajui.

Uonevu si ugomvi

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, kwa kuwa hata shule zenye nia njema hukosea.

Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu huko Norway walijiua, na ikaonekana kwamba walikuwa wakionewa vikali na wenzao. Serikali ilianzisha kampeni mwaka uliofuata, na mtaalamu Dan Olweus, aliyekuwa amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, ndiye aliyeiandalia njia zake. Olweus alieleza uonevu kwa alama tatu: unakusudiwa, unarudiwa rudiwa, na kati ya anayeonea na anayeonewa nguvu hazilingani. Ugomvi wa kalamu kati ya watoto wawili wa darasa moja hauna alama hizo. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayefuliwa nguo na kunyang'anywa blanketi, yule ambaye wakubwa wake humwita “mono” na kumfanya mtumishi wao muhula mzima, hana ugomvi na mtu. Anaonewa.

Ukimweka mtoto huyo mbele ya anayemwonea na kuwaambia wapatane, umemwambia kwamba naye ana sehemu ya makosa. Atasema amesamehe, kwa sababu usiku watalala bweni moja. Jambo la namna hiyo ni la watu wazima: kumlinda, kumzuia mwonevu, kuwaita wazazi wa pande zote. Vivyo hivyo penye jeraha, silaha, au kuguswa vibaya kimwili. Shule inayofanya upatanishi vizuri huwafundisha watoto mipaka hii siku ya kwanza, na mpatanishi mdogo hujua kusema, “Hili si letu, twende kwa mwalimu.” Ukisikia kwamba shule ya mtoto wako imemaliza shauri la kuguswa vibaya kwa kuwaambia watoto washikane mikono, usikubali. Nenda mwenyewe.

Kwa upande wa shule za sekondari, mwaka 2009 Kenya ilianza kuweka mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa na wanafunzi wenyewe, mahali pa viranja waliokuwa wakiteuliwa na walimu. Lengo lilikuwa malalamiko ya chakula, ada na mitihani yapate mlango wa kupitia kabla hayajawa mawe. Baraza hufaa pale mwalimu mkuu anapolisikiliza. Pale ambapo hukutana ili kupewa amri tu, wanafunzi huligundua hilo upesi kuliko wazazi.

Na sisi je?

Tazameni jinsi tunavyoamua ugomvi nyumbani. Wawili wanalilia baiskeli, na sisi jikoni mikono ina unga. “Mpe mdogo wako!” Ugomvi umekwisha, ugali hauunguzwi. Lakini mkubwa amejifunza kwamba kelele hushinda, na mdogo amejifunza hivyo hivyo. Hatusemi mama aache chungu kila mara akaketi kama hakimu. Siku moja moja, penye nafasi, kaeni nao chini, kila mmoja aseme bila kukatizwa, kisha waulizeni wao: mtafanyaje? Mtashangazwa na watakayosema. Mara nyingi hugawana zamu kwa ukali kuliko ambavyo mngewagawia nyinyi.

Wakati wa mkutano wa wazazi, baada ya habari za ada na choo kipya, mama mmoja ainue mkono na kuuliza: watoto wakigombana hapa, hufanywa nini? Swali hilo halina gharama. Kama shule haina mpango wowote, mwalimu mmoja mwenye moyo na kipindi kimoja kwa wiki vyatosha kuanzia, na akina mama wawili au watatu waweza kujitolea kuwa karibu wakati wa mapumziko siku za mwanzo.

Na mtoto wako akichaguliwa kuwa mpatanishi, furahi naye, lakini usimchimbe. Ameahidi kutunza siri za wenzake, na pengine mmoja wa wagomvi hao ni mtoto wa jirani yako ambaye mama yake hamsalimiani vizuri tangu Krismasi. Utatamani sana kujua. Akikujibu kwamba hawezi kusema, mwache.